Teleradiolojia: daktari anayesoma picha akiwa mbali aone kiasi gani cha faili la mgonjwa?

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi ni daktari wa mionzi. Kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusoma picha za wagonjwa ambao sijawaona na sitawaona. Picha inapigwa kwenye hospitali iliyo mbali, inapita kwenye intaneti, naifungua kwenye skrini zangu, naandika ripoti, inarudi kwa daktari anayemtibu. Kila tukikutana watu wa fani hii mjadala ni uleule na hauishi: msomaji aliye mbali aone nini kwenye faili la mgonjwa? Wapo wanaosema picha inamtosha. Wapo wanaotaka afunguliwe kila kitu. Nimeuleta hapa maana humu wapo madaktari wa wadini, wapiga picha na watu wa mifumo, na sisi wasomaji hatuwezi kuuamua peke yetu.

Nianze na lililonipata.

Usiku mmoja niliingiziwa CT ya kichwa, yaani picha nyingi za mionzi zinazoonesha kichwa kipande kwa kipande. Mwanamke, miaka ishirini na kitu. Kwenye nafasi ya maelezo yalikuwepo maneno matatu: "Maumivu ya kichwa." Basi. Nikapitia picha zote: hakuna damu iliyovuja, hakuna uvimbe, ubongo haujasukumwa upande. Nikaandika kwamba sioni tatizo la dharura, nikasaini, nikaenda kwenye picha inayofuata.

Kama dakika arobaini baadaye daktari wa wadini akanipigia kuhusu mgonjwa mwingine kabisa, na katikati ya maongezi akamtaja yule wa kichwa: "yule mama aliyejifungua siku kumi zilizopita." Nikamsimamisha hapohapo. Nikaifungua picha upya. Mshipa mkubwa unaopita juu, katikati ya ubongo, ulikuwa mweupe kuliko inavyopaswa, na ule wa upande wa kulia nao vilevile. Ni weupe mdogo, ambao kwa mtu aliyepungukiwa maji mwilini unaweza kuupita bila kuujali. Kwa mama aliyetoka kujifungua huwezi kuupita, kwa sababu ujauzito na wiki za mwanzo baada ya uzazi ni kipindi ambacho damu huganda kwa urahisi, na mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye ubongo ni moja ya sehemu inapogandia. Nikabadilisha ripoti, akapigwa picha ya mishipa kwa dawa ya kontrasti, ile inayochomwa mshipani ili mishipa ionekane vizuri, ikathibitika, akaanzishiwa matibabu.

Ilikuwa picha ileile, skrini ileile, macho yaleyale. Nilichoongezewa ni sentensi moja, nayo ilikuwemo kwenye faili lake tangu jioni. Mfumo tuliokuwa tunautumia haukuniruhusu kulifungua. Nilipouliza sababu nikajibiwa: usiri wa mgonjwa.

Sasa tazameni kinachoniuma. Kwenye kona ya juu ya picha hiyohiyo palikuwa na jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya hospitali. Vyote hivyo nilipewa bila kuomba, kwa sababu faili la DICOM, muundo ambao picha za tiba zinatumia duniani kote tangu 1993, linabeba taarifa hizo ndani yake. Jina lake halikunisaidia kuiona damu iliyoganda. Kwa hiyo tulikuwa tumeacha wazi kinachomtambulisha na kufunga kinachomponya, halafu tukakiita kitendo hicho kulinda siri.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 2004 Loy na Irwig walichapisha katika jarida la JAMA uchambuzi wa tafiti zilizolinganisha wasomaji wenye historia ya mgonjwa na wasio nayo. Kwa jumla, wenye historia waliugundua ugonjwa zaidi. Yeyote aliyekaa mbele ya skrini anajua kwa nini. Chukua vivimbe vidogo kama punje za mtama vilivyotapakaa mapafu yote. Kwa mwenye homa na jasho la usiku nitawaza kifua kikuu kilichosambaa. Kwa aliyewahi kuondolewa saratani ya tezi ya shingo, nitawaza saratani hiyo imerudi. Au kivimbe kigumu cha milimita 8 kwenye pafu: nikiona picha ya miaka miwili nyuma nikakikuta kilekile, hakijakua, nitamwandikia maneno ya kumtuliza. Nisipoiona, mgonjwa anaingia kwenye mlolongo wa CT nyingine na miezi ya hofu.

Msimamo wangu ni huu. Nifunguliwe kinachohusu swali la picha: historia ya ugonjwa uliomleta, upasuaji aliowahi kufanyiwa, dawa, majibu ya damu yanayohusika, picha na ripoti za zamani. Dirisha hilo lijifunge lenyewe muda mfupi baada ya ripoti kusainiwa. Na kila nilichofungua kiandikwe: nani, saa ngapi, ukurasa upi. Anuani yake, namba yake ya simu, mambo ya ndoa yake na maongezi yake na mshauri nasaha, sivihitaji na nisivione.

Karibuni. Nikikosea, nipingeni.

#2 Daktari wa wadini

Dokta, pole, na umefanya vema kurudi kwenye picha. Lakini sikia na upande wetu.

Usiku nina wadi nzima na mapokezi juu yake. Mfumo wa kuomba kipimo haunipitishi mpaka nijaze nafasi ya maelezo, ila haujali nimejaza nini. Nikiandika "kichwa" unapita. Hayo maneno matatu nayafahamu sana, nimeyaandika mara nyingi. Na fomu yenyewe sijawahi kufundishwa kuijaza. Nilirithi kwa waliokuwa wanaijaza vibaya.

La pili ni zito zaidi. Mgonjwa aliponiambia ana VVU tulikuwa wawili, pazia limefungwa. Aliniamini mimi. Hakumwambia mtu aliye nchi nyingine ambaye hata mimi sijui sura yake. Nikibanwa kuchagua, huwa siandiki. Hapo utaniambia nini?

#3 Mpiga picha za mionzi

Mnamsahau mtu aliyemo chumbani na mgonjwa.

Fomu iliniletea "maumivu ya tumbo". Nilipomlaza mezani na kufunua nguo nikaona kovu refu linaloshuka kutoka kitovuni. Nikamuuliza, akasema alifanyiwa upasuaji miaka mitatu nyuma. Nikaandika mstari mmoja na kuutuma pamoja na picha. Msomaji alikuwa ameona utumbo mwembamba umetanuka na hajui umebanwa na nini. Kovu lile likamwelekeza kwenye mishikamano ya upasuaji wa zamani, yaani nyama za ndani zilizogandana baada ya kupona. Hakuna faili lililofunguliwa hapo. Ni macho na swali moja.

Ila nami nina swali. Nimewahi kuambiwa na mgonjwa "nilipigwa" wakati fomu inasema "alianguka". Lile nalo niliandike?

#4 Mwanafunzi wa udaktari

Nafuatilia kwa makini. Hatujafundishwa chochote kuhusu kujaza fomu hizi.

#5 Daktari wa mionzi (mwingine)

Mleta uzi, tumo fani moja na ninakuheshimu, lakini historia nayo ina sumu yake. Ukiniambia "mshukiwa wa kifua kikuu", nitakiona kifua kikuu hata kwenye kivuli cha mbavu. Na nikishakiona nitaacha kutafuta.

Kumbuka jaribio la Drew na wenzake la mwaka 2013. Madaktari wa mionzi 24 walipewa CT za mapafu watafute vivimbe. Ndani ya picha watafiti walichomeka mchoro wa sokwe mkubwa mara 48 ya kivimbe cha wastani. Madaktari 20 hawakumwona, ingawa vipimo vya macho yao vilionesha kwamba wengi walitazama palepale alipo. Waliambiwa watafute vivimbe, wakatafuta vivimbe.

Ndiyo maana tupo tunaotaka kuisoma picha kabla hatujaambiwa lolote.

#6 Mleta uzi

Nashukuru sana. Nianze na mwenzangu wa fani.

Umesema kweli, na nimebadilisha utaratibu wangu kwa ajili hiyohiyo. Kwanza naitazama picha yote bila kufungua chochote, naandika nilichokiona. Kisha nafungua historia. Kisha naitazama picha mara ya pili kwa swali mkononi. Sumu unayoisema inaingia pale historia inapotangulia. Ikikosekana kabisa inakuwa kama ule usiku wangu wa mama aliyejifungua. Mpangilio wa skrini unaweza kusaidia: dirisha la historia lianze limefungwa, msomaji alifungue mwenyewe akishamaliza mzunguko wa kwanza.

Daktari wa wadini, suala la VVU nimeliwaza miaka mingi. Kwenye mfupa wa kifundo uliovunjika kwa kuteleza, hali hiyo hainihusu. Usiniandikie, na mimi nisiwe na njia ya kuiona. Kwenye CT ya ubongo yenye madoa yanayong'aa kama pete baada ya kontrasti, inabadilisha jibu zima, maana kwa mwenye kinga iliyoshuka sana toksoplasmosi, ugonjwa wa vimelea unaoshambulia ubongo, inapanda juu ya orodha. Kwenye kifua pia: kifua kikuu kwa mwenye kinga ndogo mara nyingi hakichimbi yale mapango tuliyozoea kuyaona juu ya mapafu, na eksirei inaweza hata kuonekana safi. Ninachohitaji kujua ni kinga imeshuka kiasi gani. Ukiandika "kinga imeshuka sana" na kiwango cha karibuni cha CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, nimepata ninachokitafuta. Najua msomaji yeyote atabaini sababu, sikufichi hilo. Lakini mimi nami nimebanwa na kiapo kilekile cha siri kilichokubana wewe. Mgonjwa hanioni, ila namtibu. Na hilo mwambie kabla ya picha: "kuna daktari mwingine atakayesoma picha yako, nitamweleza yale tu yatakayomsaidia." Kwa uzoefu wangu, wagonjwa walioambiwa hivyo wengi hukubali.

Kuna wanaosema sheria zinakataza. Wengi wanaosema hivyo hawajazisoma. Sheria ya Marekani ya taarifa za afya, HIPAA ya 1996, ndiyo inayotajwa sana kwa kanuni ya kutoa taarifa za kiwango cha chini kinachohitajika, na kanuni hiyohiyo haizihusu taarifa zinazotolewa kwa mtoa huduma kwa ajili ya kumtibu mgonjwa. GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 2018, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi linalolindwa kwa ukali, na bado inaruhusu zitumike kwa uchunguzi na tiba chini ya mtu mwenye wajibu wa kutunza siri. Walioandika sheria waliliona jambo hili. Wanaoliziba ni wasimamizi wa mifumo na mikataba ya huduma, ambao kwao kufunga mlango ndiyo kazi rahisi.

Mpiga picha, mstari wako mmoja wa kovu una thamani kuliko kurasa kumi za faili. Kuhusu "nilipigwa": kwanza mwambie daktari anayemtibu, kwa mdomo, usiku huohuo, maana usalama wa huyo mgonjwa hauwezi kusubiri ripoti yangu. Kwangu andika aina ya jeraha: "amegongwa mara kadhaa kwa kitu kigumu". Hapo nitaangalia pia mivunjiko ya zamani iliyoanza kuunga, jambo ambalo kwa "alianguka" ningeweza kulipita.

#7 Mtu wa mifumo

Nimetunza mifumo ya picha za tiba kwa muda. Naunga mkono hoja ya kuandika nani amefungua nini, ila niwaambie: rekodi hizo zina maana pale tu kila mtu anapoingia kwa akaunti yake. Kituo kimoja nilikuta paswedi imeandikwa kwenye kipande cha plasta nyeupe ya hospitali, kimebandikwa chini ya skrini, inatumiwa na madaktari sita. Rekodi za mfumo zilionesha mtu mmoja anayesoma picha mchana na usiku bila kulala wiki nzima. Siku mtu atakapochungulia faili la jirani yake, nani ataulizwa?

Na picha zenyewe tusizichukulie kirahisi. Septemba 2019 kampuni ya usalama wa mitandao ya Ujerumani, Greenbone, ilitangaza kwamba imekuta hifadhi 590 za picha za tiba ziko wazi kwenye intaneti, zikiwa na rekodi zaidi ya milioni 24 za wagonjwa wa nchi 52. Hakuna aliyevunja mlango. Seva ziliunganishwa kwenye intaneti bila ulinzi, na majina yakawa yanasomeka.

Hata kufuta jina hakumalizi kazi. Picha za ultrasaundi mara nyingi jina limechorwa ndani ya picha yenyewe, ukifuta taarifa za DICOM linabaki palepale. MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) ya kichwa ina uso wa mtu ndani yake: watafiti wa Mayo Clinic ya Marekani walionesha mwaka 2019 kwamba programu ya kutambua nyuso, ikipewa uso uliotengenezwa kutokana na MRI, ilimpata mwenyewe kwenye picha za kawaida kwa watu 70 kati ya 84.

Kwa mleta uzi: hilo dirisha linalojifunga lenyewe linawezekana. Akaunti ya kila mtu, uthibitisho wa hatua mbili, njia iliyofichwa kwa msimbo, ruhusa inayofuata ombi la kipimo. Kipimo kikifungwa, ruhusa inakufa. Kwa dharura unaweka mlango wa kuvunja kioo: daktari anafungua, anaandika sababu, msimamizi anapata taarifa asubuhi. Teknolojia ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuidai kwenye mkataba.

#8 Daktari wa wadini

Nashukuru, Dokta, hoja ya "kinga imeshuka sana" nimeipokea.

Niseme na mengine ambayo wengi wetu tunafanya na hatuyasemi. Mfumo ukikwama, napiga picha ya skrini kwa simu, natuma WhatsApp kwa mtaalamu ninayemfahamu. Jina la mgonjwa linaonekana pale juu. Nimefanya hivyo nikiwa na mtu anayehema kwa shida mbele yangu, na ningefanya tena.

#9 Mleta uzi

Sitakulaumu. Na mimi nimepokea picha za namna hiyo, na zipo nilizozijibu. Lakini elewa ninachopokea. CT inahifadhiwa kwa ngazi 4,096 za weusi na weupe, na mimi nabadilisha dirisha, yaani ngazi zipi zioneshwe kwenye skrini, nione mapafu, kisha mifupa, kisha ubongo. Picha ya simu ina ngazi 256 kwa kila rangi, tena za dirisha moja ulilochagua wewe, halafu programu inaibana zaidi njiani. Ule weupe mdogo wa kwenye mshipa wa yule mama usingefika kwangu. Ni kipande kimoja cha picha kati ya mamia, tena kimefifia. Na picha hiyo inabaki kwenye simu yako, kwenye yangu, na kwenye nakala za akiba zinazojipakia zenyewe.

Ukilazimika, ziba jina kwa karatasi kabla hujapiga, nipe umri na jinsia, niambie swali lako, na ufute baadaye. Jibu langu lichukulie kama maongezi ya wenzio, lisikae kwenye faili kama ripoti mpaka niione picha kamili. Halafu asubuhi andika kwamba mfumo ulikwama. Ukikwama mara ishirini bila kuandikwa, kwa msimamizi haujawahi kukwama.

Jambo jingine kwako na kwa mwanafunzi wa #4. Fomu nzuri haina urefu. "Siku 10 baada ya kujifungua, kichwa siku 3, kinazidi akilala, haoni vizuri. Nashuku damu kuganda." Sekunde ishirini. Ongeza namba ya simu ya aliye zamu, siyo ya mapokezi. Nimewahi kukuta hewa imejaa nje ya pafu na kulibana, nikapiga namba ya mapokezi ikaita mpaka ikakatika mara nne.

#10 Ndugu wa mgonjwa

Samahanini madaktari, mimi si wa fani. Mama yangu alipigwa CT, na majibu yakaja na jina la daktari tusiyemfahamu. Hakuna aliyetueleza kwamba picha itatoka nje ya hospitali. Sina ugomvi, majibu yalikuwa mazuri. Ila nimesoma hapa hadi mwisho na najiuliza: huyo daktari alisoma nini kuhusu mama? Tunaweza kujua?

#11 Mleta uzi

Ndugu yangu, hukupaswa kuyajulia hapa. Mlipaswa kuambiwa kabla mama hajalazwa kwenye mashine: picha itasomwa na nani, ataona nini. Natamani kila hospitali inayotumia wasomaji wa mbali iliandike hilo kwenye karatasi ya ridhaa kwa lugha ambayo mama anaielewa, na mtu amsomee.

Kujua kunawezekana pale mfumo unapoandika kila anayefungua. Andikeni barua hospitalini, mama asaini mwenyewe, muombe orodha ya waliofungua faili lake na tarehe zake. Wakisema mfumo hauwezi kutoa orodha hiyo, nalo ni jibu, na mna haki ya kuuliza utaweza lini. Na yule daktari wa kwenye ripoti, kama kuna sentensi hamkuielewa, mwambieni daktari wa mama ampigie. Mimi hupigiwa mara chache sana, na kila nikipigiwa nafungua picha upya.

Ombi moja kwenu. Kama mama amewahi kupigwa picha mahali pengine, hata miaka mitano nyuma, tafuteni CD au ripoti yake na mwende nayo safari ijayo. Hata ripoti iliyochakaa kwa kukunjwa ndani ya mkoba, mpiga picha akiitazama na kunitumia mistari miwili tu, nitajua kipi ni kipya na kipi amekaa nacho siku zote.